Maua Juu ya Maji, Mgomba Chini Yake

Wadau, kuna fasheni imeingia kwenye sendofu na harusi zetu, na sioni ikitoka leo wala kesho: sherehe kando ya bwawa la kuogelea, maua yanaelea katikati ya maji. Moshi ipo, Arusha ipo, Dar ndiyo usiseme. Mimi sina ugomvi na maua. Ugomvi wangu ni na kile kinachoyashikilia yasizame.

Inua pambo moja uangalie chini yake. Mara nyingi utakuta kipande cha stairofomu, ile nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni, na juu yake sponji ya kijani ya kuchomekea maua. Sponji hiyo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1954 na Vernon Smithers, ni plastiki. Ukiiminya inakuwa unga, na unga wenyewe hauozi. Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, tukajipongeza, halafu kamati za harusi zinachangisha watu ili zinunue plastiki ya kijani. Jamani!

Sasa njoo Kwa Sadala, wilayani Hai. Ndizi zinashuka hapo kutoka vihambani, na kila mkungu unaouona umeacha shina nyuma yake, kwa sababu mgomba huzaa mara moja tu kisha hukatwa. Shina hilo si mti. Ni magamba ya majani yaliyokumbatiana, yenye vyumba vidogo vya hewa ndani. Ndiyo maana linaelea.

Wathai wanalijua hili zamani. Kwenye sikukuu yao ya Loi Krathong, ambayo kwa kawaida huangukia Novemba, huelesha mitoni vipande vya shina la mgomba vilivyopambwa kwa majani yake, maua, mshumaa na ubani. Stairofomu ilipoingia, mito ikachafuka, na wakuu wa Bangkok wakaanza kuhimiza watu warudi kwenye mgomba. Sisi wenye mtori tunasubiri nini?

Kazi yenyewe si ngumu. Kata kipande chenye unene wa vidole vinne, siku moja kabla, maana utomvu wa mgomba ni adui mkubwa wa nguo nyeupe. Kijaribu kwenye beseni. Chomeka maua kwa njiti, mazito yakae katikati, na petali zisiguse maji kwa sababu klorini huzibabua. Kifunge kwa mshipi wa kuvulia na jiwe lililoviringishwa kitambaa, upepo usikipeleke pembeni. Na mwambie mtu wa bwawa azime pampu, la sivyo bibi harusi ataingia maua yote yako kwenye kichujio. Majani ya isale yanapendeza sana, lakini usiyachomeke hovyo: kwa Wachagga hayo ni ya kuombea msamaha, na wazee watakuuliza umemkosea nani. (Na tafadhali, Chemka iacheni kama ilivyo. Chemchemi ile haihitaji mapambo.)

Kuna pingamizi moja la maana, nami nililipata palepale sokoni. Nilimwamkia mama mmoja muuza ndizi, nikamweleza wazo langu. Akacheka. "Mwanangu, hicho ni chakula cha ng'ombe."

Ana haki. Ng'ombe wa kihambani hafunguliwi, analishwa bandani, na kiangazi akina mama hushuka hadi tambarare kutafuta majani. Kwa hiyo anayesema shina la mgomba ni la bure hajawahi kulisha ng'ombe. Mpambaji akija kulichukua kama takataka, atakuwa amemnyang'anya mama huyu mlo wa ng'ombe ili watu wapige picha. Mimi nasema alinunue, tena kwa bei inayotosha kununua majani mengine na chenji ibaki. Shina moja linatoa vipande zaidi ya kumi. Pambo moja tu linaweza kulilipia. Baada ya sherehe vipande viende kwenye shimo la mbolea. Vimelala kwenye klorini, kwa ng'ombe visirudi.

Mama yule aliniuliza mpambaji analipwa kiasi gani kwa ua moja linaloelea. Nikamtajia. Alinyamaza kidogo, akapanga upya ndizi zake, kisha akauliza hao watu wa harusi wanataka mashina mangapi, na wanayataka lini.