Istilahi Hupimwa Kazini: Funzo la Spika Zilizonyamaza

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia si mgeni miongoni mwa wanafunzi wa lugha hii. Aghalabu huendeshwa kwa kushindanisha maneno: je, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Makala hii inashikilia kwamba swali hilo limepewa uzito usio wake. Istilahi haipimwi kwa uzuri wa mnyambuliko wake wala kwa usafi wa asili yake. Hupimwa pale ambapo mtu humwelekeza mwenziwe afanye jambo, na jambo hilo likafanyika au likashindikana.

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida huko Junda, wadi iliyomo katika eneobunge la Kisauni, Mombasa bara. Kompyuta iko sebuleni, nayo imeunganishwa na spika za saraundi: mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya katikati, pamoja na sabufa ya kutoa besi. Filamu inapowekwa, zinasema mbili za mbele tu. Za nyuma ni kimya. Mwenye nyumba hudhani ameuziwa spika mbovu, na huenda akaingia gharama ya kununua nyingine ilhali zile za kwanza hazina ila yoyote.

Fundi stadi hana haraka hiyo. Huanza na umeme. Katika seti nyingi, mtambo wa kukuza sauti za spika zote umo ndani ya boksi la sabufa. Boksi hilo likikosa umeme, zote hunyamaza. Maadamu baadhi zinasema, kosa litafutwe kwingine. Kisha hukagua matundu yaliyo nyuma ya kompyuta, ambayo kwa kawaida hutambulishwa kwa rangi: kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la za nyuma, la rangi ya machungwa ni la spika ya katikati na sabufa, na la waridi ni la maiki. Plagi iliyolegea, au iliyoshika kutu kwa hewa ya chumvi ya pwani, yatosha kukata sauti.

Matundu yakiwa salama, hugeukia mipangilio ya kompyuta. Huenda mashine imeelezwa kwamba ina spika mbili tu, nayo haiwezi kupeleka sauti kwa spika isizozijua. Huenda pia imeunganishwa na televisheni na sauti yote ikaelekezwa huko. Hatimaye huuliza kinachochezwa ni nini, kwa kuwa wimbo uliorekodiwa kwa mikondo miwili hauna sauti ya pekee ya kupeleka nyuma. Kimya hicho si ugonjwa.

Shaka ikibaki, hubadilishana plagi: ya kijani huingia tundu jeusi, na nyeusi huingia tundu la kijani. Kimya kikihamia spika za mbele, spika za nyuma ni nzima na dosari iko upande wa kompyuta. Kimya kikibaki nyuma, dosari iko katika spika hizo au waya wake. Huu ni utafiti wa kisayansi kwa ukamilifu wake: dhana, jaribio na hitimisho. Nao umeelezwa hapa kwa Kiswahili bila kutatizika.

Hata hivyo, ipo istilahi moja ambayo ingeuvuruga uchunguzi huo wote. Neno kipaza sauti limetumika kwa muda mrefu kwa maana mbili: kifaa kinachosemewa na kifaa kinachotoa sauti. Katika mkutano wa hadhara utata huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa vifaa vyote viwili hufanya kazi pamoja. Nyuma ya kompyuta mambo ni tofauti. Mtu akiambiwa, "Chomeka kipaza sauti katika tundu lake," atachagua la kijani au la waridi? Akikosea, spika zitanyamaza, na mwenye kulaumiwa atakuwa muuzaji wa spika badala ya mtunzi wa maelekezo. Ndiyo sababu watumiaji husema spika na maiki, na kila mmoja akaelewa papo hapo. Neno la mkopo limeshinda kwa kuwa linatenganisha kile ambacho neno la kubuniwa limekichanganya.

Wapo watakaosema kwamba kukubali mikopo ya namna hii ni kuifilisisha lugha. Hoja hiyo haina mashiko. Meza, leso na bendera zilitoka Kireno, na hakuna Mswahili anayeziona ngeni leo. Isitoshe, mikopo hubeba majina ya vifaa tu. Sehemu kubwa ya maarifa hubebwa na vitenzi vyetu wenyewe. Spika inayovuma mfululizo huashiria tatizo la nyaya au la umeme. Inayokwaruza plagi inapoguswa huashiria muunganisho uliolegea. Inayopasua sauti huenda imezidishiwa nguvu au utando wake umechanika. Tofauti hizo za dalili ni hazina kubwa, lakini waandalizi wa orodha za istilahi, wenye mazoea ya kuwinda nomino, huzipita.

Haina maana kwamba juhudi rasmi ni bure. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kuwa programu nzima yaweza kuzungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows XP. Lakini kutafsiri menyu ni mwanzo tu. Mombasa ndiko ulikofanyika mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mji huo unajua vyema kwamba uamuzi wa mezani na usemi wa mitaani vyaweza kuishi mbalimbali kwa miaka mingi.

Kwa hivyo, pendekezo ni jepesi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya istilahi asiridhike na kulinganisha kamusi. Aende kwa mafundi wa Junda, Likoni na Changamwe, akusanye maneno na vitenzi wanavyotumia, kisha aandike maelekezo ya ukurasa mmoja na kumkabidhi msomaji asiyejua Kiingereza, mbele yake spika sita na kompyuta moja. Spika zote zikisema, istilahi zimefaulu. Zikinyamaza, atafutwe mwenye makosa kwa utaratibu ule ule wa fundi, na asilaumiwe msomaji kabla maneno hayajakaguliwa.