Kabla ya kulaumu kifua, tazama kiyoyozi

KASKAZI inapovuma na jua la Mombasa kuwaka, yaani kati ya Desemba na Machi, wagonjwa wa aina moja huongezeka katika zahanati yangu. Si wachukuzi wa bandarini wala akina mama wauzao mahamri kando ya barabara, ambao ndio huchomwa na jua kutwa. Ni makarani, wahasibu na wahudumu wa benki, watu wanaoshinda katika afisi zenye baridi. Huja na makamasi yasiyokwisha, macho yanayowasha, koo kavu na kikohozi cha usiku. Na takriban wote huniambia neno lile lile: "Daktari, ni ile baridi ya mashine."

Baridi ina makosa yake, lakini aghalabu husingiziwa. Hewa baridi na kavu yaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu, hilo ni kweli. Hata hivyo, baridi peke yake haizai nimonia, wala haimpi mtu mafua bila ya virusi. Kinachosahaulika ni kile kipande cha wavu kilichojificha nyuma ya mfuniko wa kiyoyozi, ambacho wasomaji wengi, naamini, hawajawahi kukiona kwa macho yao.

Miaka michache iliyopita nilimtibu karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini ilikuwa imetulia. Ghafla, katika muda wa miezi mitatu, alinijia mara tano akikoroma kifua. Nikamwongezea dawa ya kuvuta. Mara mbili nikamwandikia vidonge vya prednisolone, dawa ambayo daktari hapendi kuirudiarudia. Mara ya tano ndipo nilipomwuliza anapoketi kazini. Akasema meza yake iko chini ya kiyoyozi, na kwamba tangu aajiriwe hajamwona mtu akikifungua.

Siku ya pili aliniletea chujio lenyewe limefungwa katika gazeti. Lilikuwa limevaa blanketi la vumbi la rangi ya kijivu, nene kama sufi ya mto, na pembeni lina madoa meusi ya kuvu. Fundi alisafisha mashine nzima, meza ikahamishwa, na katika wiki chache akarudi kwenye kipimo chake cha zamani cha dawa. Sisemi kwamba kiyoyozi ndicho kilichompa pumu. Nasema kwamba nilimwandikia dawa mara nne kabla ya kumwuliza swali moja.

Basi, msomaji, hebu tuelewane kuhusu kazi ya chujio hilo. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya kutoka nje. Hunyonya hewa ile ile ya chumbani, huipitisha kwenye mabomba yenye baridi, kisha huirudisha. Wavu wa nailoni ulio mbele umewekwa kwanza kabisa kuilinda mashine, ili nywele, nyuzi za nguo na vumbi nene visigande kwenye mabomba hayo. Kwa vile mabomba huwa na unyevu, vumbi likiyafikia hupata maji, na vumbi lenye maji ni shamba la kuvu. Vipande vidogo vya kuvu hilo ndivyo hupulizwa juu ya kichwa chako kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Vijitabu vya watengenezaji wengi hushauri wavu usafishwe kila baada ya wiki mbili hivi. Nani hufanya hivyo? Kazi yenyewe haihitaji fundi. Zima umeme, inua mfuniko, chomoa wavu, uupeleke nje na uukung'ute. Kisha uuoshe kwa maji ya mfereji na sabuni kidogo. Maji ya moto huupinda, na jua kali vilevile, kwa hiyo uanikwe kivulini, na usirudishwe ukiwa na unyevu hata kidogo. Mwenye pumu asiifanye kazi hii mwenyewe. Amwachie mwingine, naye afunge barakoa. Lakini kuosha wavu hakutoshi ikiwa mashine inatoa harufu kama ya godoro lililonyeshewa, au inadondosha maji ukutani. Hapo uchafu umekwisha kufika ndani, na fundi aitwe aoshe mabomba na kuzibua mpira wa kutolea maji.

Kosa la pili ni la wale wanaojali kupita kiasi. Siku hizi wachuuzi hutembeza karatasi nyeupe za kubandika juu ya wavu, wakidai ni "HEPA" na kwamba huua kila kijidudu. HEPA ya kweli ni chujio lenye kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, na unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una upana wa maikroni 70 hivi. Chujio la namna hiyo lina nyuzi zilizobanana mno, na feni ya kiyoyozi cha nyumbani haina nguvu ya kuvuta hewa kupita hapo. Hewa hutafuta mwanya wa pembeni na kupita bila kuchujwa, au isipite kabisa, mabomba yakagandamana barafu na bili ya umeme ikapanda. Ukitaka HEPA, nunua mashine ya kusafisha hewa inayosimama peke yake, inayolingana na ukubwa wa chumba, na kabla ya kulipa uulize bei ya chujio la kubadilisha na kama linapatikana hapa nchini. Epuka zile zinazojisifu kutoa ozoni. Ozoni huchoma mapafu.

Katika hoteli na majengo makubwa mambo ni tofauti. Huko hewa hupita katika njia za bati juu ya dari, na machujio ni ya nyuzi zilizokunjwa kama marinda. Haya hayaoshwi, hutupwa. Ubora wake hupimwa kwa alama iitwayo MERV, kuanzia 1 hadi 16. MERV 8 hutosha kwa vumbi la kawaida na chavua. MERV 13 hunasa angalau nusu ya chembe za kati ya maikroni 0.3 na 1, na angalau asilimia 85 ya zile za kati ya maikroni 1 na 3. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020, chama cha wahandisi wa fani hii cha Marekani, ASHRAE, kilipendekeza MERV 13 au zaidi pale ambapo mashine inaweza kuhimili. Maneno hayo ya mwisho yasisahauliwe. La ajabu ni kwamba chujio la nyuzi likichafuka kidogo hunasa vumbi vizuri zaidi kuliko likiwa jipya. Hubadilishwa kwa sababu hewa inakosa njia, au limelowa, au limelegea kwenye fremu yake. Mwanya wa upana wa kidole pembeni huharibu kazi yote ya chujio la bei ghali.

Na gari lako je? Magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika Japan huwa na chujio dogo la hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Nimewahi kuona moja lenye majani makavu ya mti usioota Kenya.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, na nitaanza kwa kujishtaki. Nilipofungua zahanati nilitia kiyoyozi katika chumba cha kungojea na kuyafunga madirisha kabisa ili baridi isipotee. Wagonjwa walisifu, nami nikajiona nimeendelea. Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa akija kwa kikohozi, ambaye aliketi humo zaidi ya saa nzima kila alipokuja, akapatikana na kifua kikuu. Ilinibidi niwafanyie uchunguzi wahudumu wangu wote. Hakuna aliyepatikana na ugonjwa, lakini wiki zile sikulala vizuri. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani katika chembe zenye upana wa kati ya maikroni 1 na 5, nazo hupita kwenye wavu wa nailoni kama dagaa kwenye wavu wa papa. Kiyoyozi huzizungusha tu, chumba kizima kikagawana pumzi za mtu mmoja.

Kenya ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mwaka 2007 watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walionyesha kwamba wodi za kizamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyo wazi zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Wazee wetu waliojenga nyumba za Mji wa Kale hawakuhitaji kuambiwa hayo. Lakini sisi tunaendelea kujenga zahanati, benki na vyumba vya mafunzo vyenye vioo visivyofunguka, kisha tunaning'iniza mashine ukutani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kuhakikisha kuwa hewa safi inazunguka mahali pa kazi. Mwajiri huyo huweka daftari la jenereta na kujua ni lini ilibadilishwa oili. Kwa nini asiweke kadi kando ya kila kiyoyozi, yenye tarehe na sahihi ya aliyekisafisha? Mfanyakazi anayekohoa ana haki ya kuomba kadi hiyo, na daktari anayemtibu ana wajibu wa kumwuliza habari zake kabla ya kushika kalamu.

Katika zahanati yangu madirisha ya chumba cha kungojea yamefunguliwa, na juu linazunguka pangaboi. Kiyoyozi kimebaki katika chumba cha dawa, ambako kina kazi ya maana, na wavu wake huoshwa kila Jumamosi ya pili. Wagonjwa wengine hulalamika joto. Huwaomba wasogee karibu na dirisha.