Kiondo Hakina Mama?

Nimechoka na ile lebo ya "Kimetengenezwa kwa mikono Kenya." Mikono ya nani?

Pita madukani JKIA kabla ya ndege ya usiku, ukimtafutia shangazi wa Minnesota zawadi ya dakika za mwisho. Kiondo utakikuta kina bei ya dola. Kando yake kuna pakiti ya kahawa inayokuambia imetoka Nyeri au Kirinyaga na ina ladha ya ndimu. Kahawa ina kwao. Kiondo, ambacho mtu alikaa nacho wiki mbili, kina nchi tu.

Wacha nikuambie kwao. Susu yangu yuko Kathonzweni, Makueni. Anakata majani ya mkonge kwenye mpaka wa shamba, anayakwangua mpaka nyuzi zitoke, anazianika, anazisokota pajani, anazichemsha na rangi. Kusuka anaanzia kitakoni. Anasuka akienda sokoni, anasuka chama kikikutana. Ukivuka mto Athi uingie Kitui, utakuta akina mama na kazi hiyo hiyo.

Halafu dalali anakuja na pikipiki, anatoa bei isiyofika hata nauli ya Nairobi kwenda na kurudi. Mjini kiondo kinashonewa mkanda wa ngozi na bei inaruka. Ukiuliza, unaambiwa kodi ya duka ni kubwa, soko ni soko. Sawa. Lakini kodi haimzuii mtu kuandika jina.

Na majina tunayahifadhi tukitaka. Wachongaji wa Ukambani wanamtaja Mutisya Munge hadi leo, mzee aliyejifunza kuchonga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka zaidi ya 100 imepita. Sasa nitajie mama mmoja wa kiondo. Mmoja tu.

Kuna watakaosema wanunuzi hawajali. Mbona basi kahawa inajieleza hivyo?

Njia ipo. Wataita wameshasajili chapa ya pamoja ya vikapu vyao kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia usajili wa alama za biashara. Kaunti za Kitui na Makueni zisaidie vikundi vya akina mama kufanya vivyo hivyo. Nayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, inayokodisha maduka hayo, iweke sharti kwenye mkataba: kila kiondo kiwe na jina la aliyekisuka, kijiji chake, na pesa aliyolipwa. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoleta kelele, na ndiyo muhimu kuliko zote.

Wewe mwenye tiketi, nunua mapema, moja kwa moja kwa kikundi. M-Pesa inafika kila kijiji. Ukichelewa, muulize muuzaji nani alikisuka. Akikosa jibu, kirudishe rafuni. Shangazi atakunywa kahawa.