Barafu Juu ya Ujiji

Nikiwa field Ujiji, nafundisha Jiografia kidato cha pili, nilimaliza kipindi cha joto na mwinuko najiona profesa. Ubaoni nimeandika: joto hupungua nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Dogo mmoja akanyoosha mkono.

"Sir, nimeona video, Ulaya wakati wa baridi wanainyunyizia ndege dawa ya rangi kabla haijaruka. Bombardier ya hapa Kigoma mbona hawainyunyizii? Huko juu haigandi?"

"Kigoma kuna joto, barafu itoke wapi? Kaa chini." Darasa likacheka.

Nusu ya jibu langu ilikuwa sahihi. Ile dawa ni maji na glaikoli, mara nyingi ya moto, na kazi yake ni ya chini tu: kuyeyusha barafu na kuizuia isirudi hadi ndege ipae. Barafu nyembamba yenye ukwaruzo kama msasa inatosha kuharibu mkondo wa hewa juu ya bawa. Tarehe 13 Januari 1982, jijini Washington, ndege ilipaa ikiwa na theluji mabawani, ikagonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Walikufa watu 78. Uwanja wa Kigoma hauna shida hiyo.

Ila huko juu! Hesabu ilikuwa ubaoni mgongoni kwangu. Kigoma iko kama mita 800, mchana tuseme nyuzi 28. Panda hadi mita 7,000: unapoteza nyuzi 37, unabaki na 9 chini ya sifuri. Ukipita kwenye wingu la masika hapo, matone yanagandia bawani. Ndiyo maana Bombardier zile za pangaboi zina mpira mweusi mbele ya bawa. Unavimba kwa hewa na kuivunja barafu. Dogo alikuwa ameshaielewa fomula kuliko mimi niliyeinakili.

Hapa chuoni tunapewa maksi kwa andalio la somo, zana, hata mwandiko wa ubaoni. Sijawahi kuona maksi ya mwalimu aliyesema, "Sijui, nitakujibu kesho." Kwa hiyo tukibanwa tunasema "kaa chini". Mimi nawalaumu wanaotukagua, lakini kinywa kilikuwa changu.

Jibu nililipata nikiwa nimesharudi na treni. Kama kuna mwenzetu amepangiwa Ujiji mwaka huu, anitafute. Nina salamu za dogo mmoja, sasa atakuwa kidato cha tatu.