Helmeti ya Milioni Kichwani, Mtoto wa Watu Nyuma Kichwa Wazi: Hapo Umenunua Nini?

Songea mjini kuna jamaa mmoja, jina linabaki kapuni. Ni MC, harusi za Bombambili mpaka Mjimwema anazijua zote, na mtandaoni ana wafuasi wa kutosha tu. Juzi kati kaposti picha yuko juu ya pikipiki, kichwani helmeti nyeusi ya kufunika uso mzima, ukoo wa zile za Kijapani kina Shoei na Arai. Hizo bei yake ni dola 500 na kuendelea, yaani kwa hela ya Kibongo milioni moja inakatika na bado unaongeza. Watu wakagawanyika fasta. Kuna waliosema mwamba katisha, na kuna waliosema huo ni ushamba wa kupata hela.

Waliosema ushamba wamekosea. Ile helmeti ni kitu cha maana.

Kwanza inafunika kidevu na taya. Zile za nusu zilizojaa vijiweni zinalinda utosi tu, ukidondoka kifudifudi meno na taya vinalipa deni. Pili, kioo. Aliyewahi kutoka Songea kwenda Mbinga asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba anaijua ile baridi na ule ukungu wa Umatengo. Kioo cha bei rahisi kinapata mvuke, dereva anakifungua, upepo na wadudu wanaingia machoni, na kona za huko hazina utani. Helmeti za bei kubwa nyingi zinakubali kioo cha ndani cha kuzuia mvuke, zina matundu ya hewa, hazipigi kelele sana na shingo haichoki haraka. Kwa mtu wa safari ndefu, hapo hela inaonekana.

Sasa tuje kwenye kuokoa roho, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa na jina la kampuni.

Uingereza serikali ina mpango unaitwa SHARP, ulianza 2007. Kazi yake ni kugongesha helmeti kwenye mitambo na kuzipa nyota, moja hadi tano. Kilichoonekana ni kwamba zipo za bei ya kawaida zilizobeba nyota tano, na zipo za bei mbaya zilizozidiwa. Halafu kuna uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008. Ulionyesha kwamba kuvaa helmeti kunapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kuhusu aina ipi inaizidi nyingine, ushahidi haukutosha kusema. Kwa hiyo faida kubwa kuliko zote unaipata pale unapotoka kichwa wazi na kuvaa helmeti yenye viwango. Kutoka hapo kwenda kwenye ya milioni, unalipia zaidi starehe, wepesi na jina.

Ndiyo maana ile picha ina shida. Ukiitazama vizuri, nyuma ya MC kuna binti kakaa, nywele zimesukwa safi, tabasamu kama lote, kichwani hana kitu. Na mkanda wa MC mwenyewe unaning'inia chini ya kidevu, haujafungwa. Helmeti isiyofungwa mkanda inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Yaani milioni nzima imepanda pikipiki, na pale juu hakuna hata mmoja aliye salama.

Na asilaumiwe peke yake, mji mzima uko hivyo. Bodaboda, au yeboyebo kama wengine walivyozoea kuziita huko, nyingi zina helmeti moja, tena imetundikwa mkononi au imewekwa kwenye tenki mpaka trafiki aonekane. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973. Faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22, na wengi wanaivaa helmeti kwa kuiogopa hiyo elfu kumi tu. Abiria nao wana yao: inanuka jasho la watu, inaharibu nywele, "si napanda mpaka hapo Msamala tu". Hoja ya usafi ni ya kweli, lakini dawa yake ni kitambaa chepesi cha kuvaa ndani na dereva kufua sponji zake. Lami ya Msamala ni ngumu sawasawa na ya barabara kuu.

Mwenye milioni yake na anayepiga safari za mbali, anunue bila aibu, ila afunge mkanda. Wengine wote, hiyo hela itoe helmeti mbili za kufunika uso, moja ya dereva na moja ya abiria, na chenji irudi. Angalia alama ya ECE au DOT, ingawa na hizo alama zinafojiwa, kwa hiyo usinunue stika. Ivae dukani, ibane mashavu, tikisa kichwa, isicheze. Ya mtumba achana nayo: lile tabaka jeupe la ndani, linalofanana na la kwenye boksi la TV mpya, hufanya kazi mara moja tu. Likishapokea pigo kubwa limekwisha, hata kama nje rangi inang'aa.

Haya, na wewe mtoto wa mjini: mara ya mwisho umepanda boda, uliomba helmeti au ulichungulia kioo kuangalia nywele? Funguka hapo chini, bila matusi.