Sakafu ya shilingi haikuonekana kwenye chati

Shilingi ya Kenya ilifika chini kabisa mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ikibadilishwa kwa zaidi ya Sh160. Nina duka la unga, sukari, mafuta ya kupikia na dizeli hapa Kulamawe, na pembeni hununua mbuzi wa kupeleka soko la Isiolo. Siku zile sikumsikia mtu yeyote, wa benki wala wa mnadani, akisema kwamba hapa ndipo mwisho. Waliokuwa na la kusema walitaja Sh170, wengine Sh200. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh132.

Ninakumbusha hilo kwa sababu vijana wetu sasa hushinda na chati za sarafu kwenye simu. Mpwa wangu ni mmoja wao. Hukaa kwenye gunia la mchele dukani, akaniambia, "Mjomba, tazama hapa. Bei imegonga huu mstari mara mbili ikakataa kushuka. Hii ndiyo sakafu." Mimi humsikiliza, maana amejifunza kwa bidii. Anaijua mishumaa ya kijani na nyekundu inayochora bei kwenye chati, anaujua mstari wa wastani wa siku 200, na anajua kipimo cha nguvu ya bei kikianguka chini ya 30 huhesabiwa kuwa wauzaji wamezidisha. Maarifa hayo si ya uongo. Ninachokataa ni kazi anayoyapa.

Chati ni nyayo. Anayemtafuta ngamia aliyepotea husoma nyayo, akajua mnyama alipita lini na kama alikuwa akikimbia au akichechemea. Lakini nyayo huishia pale ngamia aliposimama, na kutoka hapo ni lazima ujue maji yako wapi.

Mwaka ule maji yalikuwa dola bilioni 2. Kenya ilikuwa imekopa fedha hizo kwa hati fungani ya mwaka 2014, na deni lilikuwa liive tarehe 24 Juni 2024. Kila mwenye dola alikuwa akijiuliza serikali itazitoa wapi, na kwa kuwa hakupata jibu, alizikalia. Anayekalia dola anazidi kuipandisha bei yake. Hofu hiyo iliifikia hata dizeli yangu, kwa kuwa mafuta yote tunayochoma nchini hununuliwa nje kwa dola. Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika Sh217.36 Nairobi, na huku kwetu nauli ya lori huongezwa juu ya hapo. Mfugaji akileta mbuzi wake hulipwa kwa shilingi, kisha hununua unga uliopanda kwa sababu ya dola ambayo hajawahi kuishika mkononi. Familia nyingi hapa zilikuwa bado hazijajenga upya mifugo baada ya ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Ndiyo maana suala la sakafu ya shilingi kwangu si mchezo wa simu.

Sasa tazama kilichoigeuza shilingi. Tarehe 6 Februari 2024 Benki Kuu, chini ya Gavana Kamau Thugge, ilipandisha riba yake kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Siku chache baadaye serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya yenye riba ya asilimia 9.75, ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni la Juni kabla halijaiva. Wiki hiyo hiyo iliuza hati fungani ya miundombinu kwa shilingi, riba asilimia 18.46, na wageni wakaleta dola zao kuigombania. Swali la Juni likawa limejibiwa. Waliokuwa wamekalia dola wakaanza kuziuza.

Hakuna mshumaa uliojua hayo. Hata Rais William Ruto, ambaye ana habari kuliko chati yoyote, aliwaonya waliohodhi dola mnamo Machi 2023 kwamba karibuni wangepata hasara. Wakati huo dola ilikuwa karibu Sh130. Walioendelea kuhodhi walisubiri hadi Sh160.

Msomaji wa chati atanijibu kwamba mwezi Februari mistari ilivunjika wazi, na aliyeifuata kuanzia hapo alipata faida. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake halisi: chati ilithibitisha mgeuko uliokwisha kutokea. Haikuutabiri. Isitoshe, tangu katikati ya 2024 dola imekaa karibu na Sh129 muda mrefu hivi kwamba mchoro wake umenyooka. Kwenye mstari ulionyooka mpwa wangu atasoma nini? Huo ni uamuzi na akiba ya Benki Kuu. Soko letu la dola ni dogo, na benki chache zikitikisika, mchoro wote hubadilika sura.

Kinachonikera zaidi ni wanaowauzia vijana hawa "ishara" za kununua na kuuza, pamoja na akaunti zinazowaruhusu kucheza na fedha mara nyingi kuliko walizoweka. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilitangaza kwamba akaunti kati ya 74 na 89 katika kila 100 za wateja wa kawaida kwenye biashara za aina hiyo hupoteza fedha. Hao ni watu wenye mishahara. Kwetu, mtaji unaopotea huwa ni mbuzi wa mama.

Kwa vijana wa Kulamawe na Garba Tulla: someni chati, lakini kwanza jueni deni gani la nchi linaiva lini. Mwaka 2025 serikali ilitumia tena dawa ile ile, ikakopa upya kununua sehemu ya deni la dola milioni 900 lililokuwa liishe 2027. Tarehe kama hizo hutangazwa mapema. Na kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa wakala wa sarafu, hakikisheni ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo imekuwa na kanuni za biashara hii tangu 2017.

Kwa Hazina na Benki Kuu nina ombi. Tangazeni kalenda ya madeni ya nje kwa Kiswahili na Kiborana, redioni, kila baada ya miezi mitatu. Anayelipa bei ya dola kwenye kilo ya unga ana haki ya kujua ni lini dola zitahitajika.