MTETEZI WETU AU MWENYE KUSHINDA?



Kila uchaguzi unapokaribia, maneno ni yale yale kambini shambani na langoni pa kiwanda. Mmoja husema, "Fulani ndiye mtetezi wetu wa kweli." Mwenzake humjibu, "Ni kweli, lakini hawezi kushinda. Usipoteze kura yako." Hapo mazungumzo huisha, na yule mtetezi huachwa.

Jambo hili si dogo, maana mara nyingi kura ya mchujo ndani ya chama ndiyo uchaguzi wenyewe. Nchini Kenya mwaka 1988, wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya wagombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Aliyekosea kwenye foleni hakupata nafasi ya kusahihisha.

Je, hoja ya "hawezi kushinda" ina uzito gani? Tutazame wenzetu wa Marekani. Mwaka 1972 chama cha Democratic kilimteua Seneta George McGovern, aliyeahidi kukomesha vita vya Vietnam. Shirikisho kuu la wafanyakazi, AFL-CIO, lilikataa kumuunga mkono mgombea yeyote, ingawa baadhi ya vyama vilimfuata McGovern. Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Wengi wakasema: hayo ndiyo malipo ya kuota ndoto.

Baadaye shirikisho likashika njia ya tahadhari. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na wafanyakazi walitafuta mtu wa kumwondoa. Oktoba 1983, kabla kura za mchujo hazijaanza, AFL-CIO ilimtangaza Walter Mondale, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, mtu mzoefu na asiyetisha. Aliwashinda Gary Hart na Jesse Jackson katika mchujo. Lakini mwaka 1984 Reagan alichukua majimbo 49, hesabu ile ile ya Nixon!

Ni kweli kwamba Reagan alipendwa na uchumi ulikuwa umeinuka. Hata hivyo funzo liko wazi: hakuna ajuaye kwa hakika nani atashinda. Tusimtupe mtetezi wetu kwa sababu ya ubashiri, hasa ubashiri unaoenezwa na wenye fedha na magari ya kampeni.

Lakini na sisi tusidanganyike. Mtu anayeahidi kuongeza mishahara maradufu, bila kueleza fedha zitatoka wapi wala nani atampa kura bungeni, ametupa maneno matupu. Maneno hayapiki ugali.

Basi tumuulize kila mgombea maswali matatu. Ulikuwa wapi siku wenzetu walipopunguzwa kazi? Utaanza na lipi, na utashirikiana na nani? Ukibanwa, lipi utakubali kulegeza, na lipi hutalilegeza kamwe? Asiyejibu vema aondoke, hata akiwa na hakika ya ushindi. Miongoni mwa watakaobaki, ndipo tumchague mwenye nguvu zaidi ya kushinda.

Mchujo ukiisha, tusinune tukabaki nyumbani. Mgombea hashindi kwa wema wake peke yake. Hushinda kwa miguu ya wanaomtembelea kura nyumba kwa nyumba. Miguu hiyo ni yetu.